Kabati Ambalo Halikuchongwa

Nilipozaliwa, baba alipanda kiri nyuma ya ghala.
Ndivyo walivyofanya wote katika bonde lile:
binti akitoka tumboni, mche unaingia ardhini,
wakue pamoja, na siku ya posa
mmoja akatwe awe kabati la nguo za mwenzake.

Posa zilikuja mbili.
Ya kwanza niliikataa, ya pili ilinikataa.
Mti ukaendelea kunenepa bila kuulizwa.

Leo nina miaka sitini na mmoja,
thelathini na minne kati yake nimeimaliza
nikipanga barua katika posta ya Matsumoto,
na mbao za mti ule zimelala mezani kwa fundi Kuramochi
kama mgonjwa aliyekuja na faili lake mkononi.

Anabonyeza ukucha. Ukucha unaacha hilali.
"Laini mno," anasema, "skrubu hazitashika.
Ninayo mahogani kavu, sauti yake nzito,
kama mtu anayezungumza akiwa ameshiba."
"Na kiri je?"
Akakunja kidole, akagonga.
Yeye hakujibu. Mbao ilijibu.

Basi atazika kipande cha kaede chini ya daraja la nyuzi,
mfupa ndani ya nyama, skrubu zipate pa kuuma.
Shingo nayo iwe ya kaede.
Anakitazama kidole gumba changu
kilichopindishwa na mihuri,
anakipima kwa rula ya chuma:
"Upande huu nitapunguza milimita moja."
Maisha yangu yote, dunia haijawahi
kupunguza kitu kwa ajili ya kidole hiki.

Halafu droo ya koili.
"Hizi ni pacha, mvumo wa moja unaumeza wa mwenziwe.
Na hii ni ya peke yake. Inavuma.
Ukiwasha taa inavuma, friji ikiamka inavuma.
Wengi hunilipa zaidi wapate kimya."
Kimya ninacho, nikamwambia,
kimejaa vyumba vitatu na barazani.
Nipe inayovuma.

Akasokota shaba nyembamba kuliko unywele
kuzunguka sumaku, mizunguko elfu saba na mia tisa.
Mashine ilihesabu.
Mimi pia nilihesabu, mazoea ya kazi,
nikapotea kwenye elfu mbili.

Kuhusu rangi kila mtu alikuwa na lake.
Dada yangu Fusae: nyeusi, uheshimu umri wako.
Binti yake: waridi yenye vumbi la fedha, shangazi, tafadhali!
Fundi akanionyesha vanishi nene kama barafu ya ziwa,
halafu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuuza kitu,
akasema makabati ya zamani yalichomwa moto:
uso unababuliwa mpaka uwe mweusi,
unasuguliwa kwa brashi ngumu,
mishipa ya mti inatokeza, kisha nta, basi.

Choma, nikasema.

Nilisimama pale moto ulipopita.
Nilitaka moshi unikumbushe baba.
Ulinuka moshi tu.

Kabla ya nta akaiona ile hilali ya ukucha,
akaomba radhi, akataka kuiinua kwa mvuke wa pasi.
Iache, nikasema. Kabati lingekuwa na nyingi.

Nililipa kwa noti zilizokaa kwenye bahasha miaka kadhaa.
Theluji ilikuwa imefika magotini;
katika basi niliinunulia tiketi yake,
dereva akacheka, nami sikucheka.

Ninajua kodi tatu, moja naikosea.
Usiku nachomeka waya, chumba kinaanza kuvuma,
mvumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye jagi.
Fundi alinieleza sababu, nyaya na ardhi,
nimeisahau.
Nikiweka kiganja juu ya nyuzi, unatulia.
Nikiondoa, unarudi.
Jana nilifanya hivyo mpaka saa sita,
sikupiga hata noti moja.